Harufu ya Halua

Ibra, wakati barabara ya Maskati bado ni ya njia moja,
bibi mmoja alinifungulia winda la mjukuu wake
akaniambia, kwa Kiswahili cha Unguja, kwa fahari:
"Nusa, daktari. Huyu kaja na baraka zake.
Mkojo wake unanukia halua."

Nikanusa. Kweli, halua:
sukari inapoanza kushika chini ya sufuria ya shaba,
kabla ya zafarani, kabla ya iliki.
Nikatabasamu. Sikujua.
Siku ya tisa mtoto akakataa ziwa,
akajipinda kama upinde.
Siku ya kumi na moja tukamzika.
"Jicho," wakasema.
Nami, mwenye cheti cha ng'ambo ukutani,
sikuwa na neno bora kuliko hilo.

Wa pili nilimkimbilia na chupa.
Mkojo kijiko kimoja, barafu ya samaki, boksi la tende,
dereva Hamdun akikata usiku hadi Maskati,
kisha ndege, kisha maabara katika nchi ya mvua.
Jibu lilirudi baada ya siku arubaini na tatu,
limechapwa vizuri, lina muhuri.
Arubaini tulikwisha kuisoma.

Ndipo nikaanza kuchora.
Mraba mwanamume, duara mwanamke,
mstari mmoja ndoa,
mistari miwili ndoa ya mtu na binti ami yake,
na waliokufa wachanga nikawajaza wino.
Bi Thuwaiba hakutaka kutaja majina.
Alipanga kokwa saba za tende juu ya sinia,
akazitazama,
akaziondoa mbili:
"Hizi surua. Usiniandikie uongo."

Karatasi ikaja kufanana na falaji:
chemchemi moja juu mlimani, matawi, zamu,
kila shamba na nusu saa yake ya maji.
Ila huku hakuna wakili wa kugawa.
Baba mzima, mama mzima,
kila mmoja kabeba nusu ya kosa bila kulijua,
na katika kila mimba, mara moja kwa nne,
nusu mbili zinakutana.

"Mara moja kwa nne," nilimwambia Bwana Saud.
Akahesabu vidole. Uso ukamwangaza.
"Basi huyu akishakwenda,
watatu wanaofuata wazima?"
Hapana, Bwana Saud. Kete haikumbuki.
Sentensi hiyo nimeisema miaka thelathini na moja
na bado sijapata namna ya kuisema.

Mashine ilikuja nami nina mvi.
Tone moja la kisigino juu ya karatasi,
likauke, lisafiri,
na kabla ya ziwa kukataliwa, simu inalia.
Ibtihaj alipigiwa simu hiyo akiwa na siku nne.
Akanyweshwa maziwa ya kopo yanayonuka kama chuma cha mvua,
wali wake ukapimwa kwa mizani ya dhahabu,
shuwa ya Idi hajaionja hata leo;
anasema harufu inamtosha.

Wiki iliyopita alikuja mwenyewe, ana miaka ishirini na miwili,
na pete ambayo alikuwa akiizungusha, akiizungusha.
"Ni mtoto wa ami yangu, daktari.
Mpime. Lakini usimwambie mama kama nimekuja."
Nikachukua damu ya kijana. Majibu Alhamisi.

Nami Alhamisi nastaafu.
Michoro yangu nimeihamishia nyumbani,
imejaa meza ya kulia, imeshuka hadi mazuliani.
Wa arubaini na sita ni wa kwetu:
mistari miwili ya baba na mama,
mabinti wawili weusi wa wino
ambao mama aliwaita "wageni" hadi alipofariki,
na chini yao duara langu,
nililolichora kwa penseli, tupu,
niweze kulifuta.

Tone langu limo frizani tangu mwaka wa tisini na nne.
Lina namba, halina jina.
Nimepima watoto wa wilaya nzima, hilo nimelipita
kila asubuhi nikifungua mlango wa baridi.

Alhamisi nitasoma la kijana kwanza.