Uzi wa Tano

Jumamosi, ukumbi wa zimamoto, mashariki ya Kentaki.
Tulikuwa kumi na mmoja, na mbwa wa Haskell.
Orlena akapanda na sare ya duka la matairi,
jina lake limeshonwa kifuani, herufi moja imefumuka.

Banjo ina nyuzi nne ndefu.
Wa tano mfupi, huanzia katikati ya shingo
kama aliyechelewa kuzaliwa,
na huo ndio usioachwa na dole gumba.

Aliimba mgodi uliofungwa, mama anayehesabu vidonge.
Sauti ina chenga, haijapepetwa.
Sikutaka ipepetwe.

Mwishoni pikapu yake ikagoma.
Tukatoka sote kwenye theluji, tukaisukuma,
ikakohoa, ikashuka bonde.
Hata nyumbani, nikivua viatu,
ule mfupi ulikuwa ukilia.