Fundo la Amugune

Wamemjengea mnara sokoni Mudete:
saruji, chokaa nyeupe, ua wa nyaya,
na fundi akasahau herufi moja ya jina.
Wakubwa walikuja, wakakata utepe,
wakala pilau, wakaondoka kabla ya mvua.

Mimi nimekuja na mbuzi wa kuuza.
Sikuona pa kumfunga. Nimemfunga uani kwa Mwalimu.

Shangazi Kavetsa huhesabu tangu mwaka wa nzige:
mashamba yamebaki vijiti, naye Amugune
anakusanya wavulana kumi na mmoja nyuma ya kanisa,
skafu za gunia la unga, filimbi moja,
viatu jozi moja, vya kuvaliwa kwa zamu.
Watu walinung'unika. Skauti ndiyo nini?
Saluti wanampigia nani? Na mbona wasalimiana
kwa mkono wa kushoto, mkono wa chooni?
Akajibu: wa kulia una kazi, umeshika kamba.

Daraja lao la miti pale Edzava
lilidumu hadi mvua za sitini na moja.
Filimbi ilipotea, au iliuzwa, wajukuu hawasemi.
Picha yake ni moja, uso umeliwa na mchwa,
imebaki kofia.

Lakini fundo.
Baba alinifunza jikoni, kwa kamba ya katani,
mimi msichana, ambaye kikosi hakikunitaka:
"Fundo jema hushika mzigo ukizidi,
na siku ya kufunguliwa halidai kisu."
Mama alifungia kuni. Jirani alifungia ng'ombe
wala hakujua lilikotoka.
Na Mwalimu alipokufa, wazee saba waliosalia
walimteremsha kwa fundo hilo hilo,
wakavuta mara moja tu,
kamba zikapanda tupu, na udongo.

Askari wa soko akaja na rungu.
Mama, huu ni mnara, si zizi.
Akainama afungue. Akasita.
Akapitisha kidole kwenye kitanzi, polepole,
kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.
Nani alikufunza?
Nikamtajia baba. Akanitajia babu yake.
Rungu likabaki kulia.
Akaninyooshea kushoto.

Nyuma yetu mbuzi alikwisha kuanza
shada la maua la kaunti.
Hatukumzuia.