Gaskiti Mbili

Kijana wa kituo cha mafuta, Gyumri, asubuhi ya theluji,
ananiuliza: tisini na mbili, au tisini na tano?
Hiyo tano anaitamka kama jina la mchumba.
"Gari la zamani, mama. Lipe kilicho bora."

Nusu mwaka nikalipa kilicho bora.
Volga ya baba haikuongeza mbio, haikushukuru;
ilipanda Spitak kwa pumzi ileile.

Namba ile si nguvu, aliniambia Smbat
akijifuta oili kwa gazeti la jana.
Ni subira: petroli inavumilia kubanwa kiasi gani
kabla ya kulipuka bila kungoja cheche.
Injini isiyobana sana
subira yote hiyo itaipeleka wapi?

Kipimo ni sikio. Mlimani, gia ya nne, kanyaga,
usikilize: ikilia kama dengu kavu ndani ya mkebe,
umeipunja. Ikinyamaza, imetosha.
Yetu ilinyamaza.
Ilinyamaza kwa lolote tulilolitia,
hata yale ya bei ya chini kabisa,
na hapo ndipo Smbat alipokuna kichwa,
maana kitabu cha gari kinadai tisini na tatu.

Machi, maji yakavuja. Tukafungua kichwa cha injini.
Gaskiti haikuwa moja.
Mbili, zimegandana kama kurasa zilizolowa,
na ya chini imekatwa kwa mkasi,
ukingo wake umepinda pale mkono ulipotetemeka.

Kumbe.
Ile miaka ya giza, petroli ikiuzwa barabarani
katika chupa za achari, rangi ya chai,
namba yake anaijua Mungu,
na mimi kitandani nina homa, hospitali iko Yerevan.
Hakupata mafuta ya kuifaa injini;
akaipunguza injini ifae mafuta.
Kwetu alisema tu: "Limezeeka. Linakwenda taratibu."
Nasi tukamcheka, mimi na kaka yangu Hrayr,
kila gari lilipotupita.

Nusu mwaka, basi, nimenunua subira
ambayo baba alishailipia.

Smbat amekwisha kusugua chuma, kinang'aa.
Ikirudi ilivyozaliwa, asema, itakuwa na mbio,
ila itadai yale ya ghali, na tamingi tuipange upya.
Anashika gaskiti mpya mkono huu,
ya baba mkono ule,
ananiuliza kama yule kijana wa kituo:
moja, au mbili?