Jedwali la Meli

Februari, mji wa Rauma, jikoni kwa Vieno.
Theluji imepanda mlango hadi kwenye kitasa.
Nikatandaza jedwali nililolikesha siku tatu:
chini ya mita thelathini, kimeli;
hadi mia mbili, meli;
hadi kilomita, jimeli.
Zaidi ya hapo ngeli ziliniishia,
nikapiga mstari, nikaandika: Mungu apishe mbali.

Mchezo una sheria zake.
Jimeli hulengwa kirahisi, hufa taratibu.
Kimeli huponyoka, ila kikiguswa kimekwisha.
Jumlisha mbili, toa nne, rusha dado.
Nilidhani nimemaliza.

Eeli, mjukuu wa Vieno, miaka kumi na minne,
hakujali urefu. Aliuliza mizinga mingapi.
Rubani wake mchezoni ana jicho moja la shaba
na madeni katika sayari saba.
"Kimeli changu nikikifunga mzinga wa jimeli,
nitakuwa ngeli gani?"
Ngeli ya marehemu, nikamwambia.
Teke la mzinga huo litakurudisha ulikotoka.
Akacheka, akauandika vilevile.

Vieno alikuwa muuguzi, zamu za usiku.
Tangu mwaka juzi ana chombo kimoja tu, Mkunga,
mita ishirini na sita,
na ndani yake watu elfu arobaini ambao hawajazaliwa,
kila mmoja katika chupa ndogo kuliko kidole.
"Kikipasuka," akasema, akisogeza vikombe,
"utaandika: kimeli kimoja?"
Nikashika penseli.
Sikuandika kitu.

Kauko ndiye aliyekuwa hajasema.
Miaka thelathini na moja alichomelea vyuma gatini;
mkono wake wa kushoto una makovu ya cheche
kama dengu zilizomwagika.
Akavuta jedwali, akalisoma
kama mtu asomaye bili ya mwenzake.
"Mita mia tatu. Umewahi kuziona?"
Nimeziandika.
"Sikukuuliza hilo."

Akavaa koti. Tukamfuata,
Vieno na soksi juu ya soksi.
Uani akabandika mgongo ukutani: "Hapa injini,"
akaanza kuhesabu, hatua moja mita moja.
Ishirini na sita, banda la baiskeli.
"Mkunga imeishia hapa," akasema, bila kusimama.
Sabini, duka la dawa, limefungwa.
Mia na kumi, akapotea hesabu,
akarudi hatua tatu, akatukana, akaendelea.
Mia na hamsini, magoti ya Vieno yakagoma.
Nikabaki naye. Eeli akaenda, taa ya simu mkononi.

Walipofika kwenye mto ulioganda
taa ilikuwa punje ya mtama.
"Pua!" sauti ikaja, imechelewa kidogo.

Nikageuka huku na huku.
Ndani ya ile meli mlikuwa na nyumba tisa za mbao,
mbwa akibweka kwenye ghala la mizigo,
mtu asiyetujua akizima televisheni, sitaha ya nne.
Nahodha angeweza kufa kule puani
na mpishi wa nyuma akaendelea kumenya viazi
hadi asubuhi.

Na mimi, kila Alhamisi,
nimekuwa nikiizamisha kwa dado moja,
huku nikitafuna biskuti.

"Watu wangapi?" nikamuuliza Vieno.
Alikuwa akipuliza vidole vyake.
"Anza na wanaohitaji choo," akasema.

Tuliporudi kahawa ilikuwa imepoa,
na jedwali lilikuwa na duara la kikombe
katikati ya meli na jimeli.
Kauko akavua viatu, akaomba mkate.
Eeli alichukua kifutio, akafuta ule mzinga.
Akautazama ule uwazi kwa muda.
Kisha akauandika tena,
kwa herufi ndogo kidogo.