Unene wa Ukucha

Wempi anachomeka fimbo yake mchangani,
mchanga mweusi, majivu ya mlima uliosahau hasira zake,
ananyoosha kidole: hapo.
Sioni kitu.
Mita kumi na nane chini ya meli za jodari za Bitung
naona kikombe cha plastiki, uzi wa mwani mwekundu,
na kipande cha uchafu kama wa mfukoni mwa koti.
Anarudia: hapo, hapo.
Kisha uchafu unaruka.

Miaka thelathini na mmoja nimetengeneza saa
katika kibanda nyuma ya soko la bandari.
Nimeshika kwa koleo skrubu ndogo kuliko chawa
huku mteja mwenye haraka akinipumulia shingoni.
Nilidhani mimi na udogo tunajuana.
Lakini skrubu haina miguu.
Meza haina mkondo.

Uduvi mwenye manyoya: punje ya mchele iliyovaa mwani.
Nasogeza lenzi mpaka inakaribia kumgusa,
na kwenye kioo cha kamera dunia nzima ni ukungu
isipokuwa utando mmoja,
mwembamba kama ukucha wa mtoto wa juzi,
ambamo vitu vina kingo.
Mbele ya utando huo, au nyuma yake,
kila kitu ni uvumi.

Picha ya kwanza: mchanga, punje kwa punje, mkali ajabu.
Ya tano: mkia.
Ya kumi na moja: unywele mmoja, mzuri, unajitegemea,
na mwenyewe nyuma yake
kama mgeni asiyefunguliwa mlango.
Ya ishirini: hayupo.

Siiachi mashine itafute yenyewe.
Ikitafuta huenda na kurudi, huenda na kurudi,
mlevi anayesaka tundu la ufunguo.
Nimeifunga fokasi. Sasa fokasi ni mimi:
mtungi, mkanda wa risasi, magoti yenye baridi yabisi,
miaka sitini na miwili yote
inasogea milimita mbele, milimita nyuma.
Nikivuta pumzi napanda. Nikiitoa nashuka.
Subira huvuta heri, ndivyo nilivyolelewa;
huku chini usivute chochote.
Ukivuta, vumbi linatimka
na heri inaondoka nalo.

Wempi ananionyesha kipimo cha hewa: sabini.
Kisha anagusa kioo cha miwani yake: jicho, Tanta Mien, jicho.
Najua. Kila asubuhi, akimenya ndizi kwenye ngazi ya boti,
anasema picha isiyo na jicho ni maiti iliyopendeza.

Natoa pumzi, si yote,
naifikia ile sehemu ambapo mapafu hayadai wala hayadaiwi.
Simfuati tena.
Mkondo unamleta.
Ukungu, unywele, ukungu,
kitu kinametameta.
Nabonyeza.

Jioni, juu ya meza ya kibanda, katikati ya saa zilizofunguliwa matumbo,
tunaikuza picha.
Jicho la uduvi ni moshi.
Nimelikosa kwa nusu ya nusu ya kitu kisicho na jina.
Kidole changu kiko tayari kufuta
na Wempi, mdomo umejaa samaki wa kukaanga,
anakishika: ngoja. Teremka. Chini ya tumbo.

Mayai.
Yamebanana kama abiria wa mvua,
na ndani ya kila yai nukta mbili nyeusi,
zimekatika safi, kama zimechorwa kwa sindano,
zote zinanitazama.

Anahesabu kwa kijiti cha meno,
thelathini na sita, thelathini na nane, anapoteza hesabu,
anaanza upya.
"Umekosa jicho moja, Tanta," anasema,
na anarudi kwa samaki wake.

Ukutani, saa za watu ambao hawakurudi kuzichukua
zinagonga saa moja usiku,
kila moja kwa wakati wake.