Jina la Mama

Niliwanunua sita Kariakoo, ndani ya mfuko wa nailoni
uliofungwa kwa mpira kama ubuyu wa shilingi mia.
Muuzaji aliwaita penseli. Kwao ni Amerika ya Kusini,
mito yenye maji ya rangi ya chai kavu.
Kwangu, Tabata, kisima kina chumvi,
sabuni haitoi povu, na chai yenyewe inakataa.

Basi nikatega mvua.
Pipa chini ya bati, na majani ya mkungu
niliyookota nje ya geti la hospitali, makavu, mekundu,
nikayaloweka mpaka maji yakakumbuka kwao.
Bwana afya akachungulia. "Sista, unafuga mbu?"
Nikamjibu ndiyo, ila wale wachanga kabisa,
maana midomo ya wageni wangu haizidi tundu la sindano.
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Mama Shufaa, anayekaanga vibua pale kona,
aliwatazama kwa muda, mwiko mkononi:
"Hawa wataaibisha mafuta."

Narudi kutoka leba saa kumi na mbili asubuhi,
nawasha taa, nawakuta hawajavua nguo za usiku:
mstari umefifia, mabaka yamekaa mahali pake.
Kisha polepole, kama mtu anayefunga vifungo,
mstari mweusi unarudi, mdomoni hadi mkiani,
umenyooka kwa rula.
Nami navua gauni langu jeupe.
Tunapishana zamu.

Dume mwenye mapezi mekundu alitetemeka ubavuni mwa jike.
Wakataga. Wakageuka. Wakala,
yai kwa yai, bila hasira, kama watu na karanga.
Miaka kumi na tisa ya leba sikuwahi kuona hilo.
Sikusema neno. Nilikata chandarua,
kile cha kliniki kilichotoboka kikaachwa,
nikakitandaza kati ya wazazi na sakafu.
Kinachomzuia mbu asimfikie mtoto
kikamzuia mama.

Mayai thelathini na mawili.
Jumanne umeme ukakatika; nikapuliza hewa kwa mrija wa soda
mpaka kichwa kikazunguka.
Mengine yakaota ukungu, meupe
kama jicho la samaki aliyechemshwa.
Alhamisi, kwenye kioo, vimening'inia vistari,
vyembamba kuliko uzi wa kushonea kidonda,
kila kimoja na macho mawili.
Kumi na moja. Nikahesabu tena: tisa.
Tena: kumi na tatu.

Leba tunaandika saa, uzito, jinsia, jina la mama.
Nikachukua daftari.
Saa: sikuwepo.
Uzito: mizani haishiki.
Jina la mama,
nikamtafuta. Alikuwa ameganda juu ya chandarua,
hapepesi pezi,
anatazama chini kupitia vitundu,
sijui kwa upendo, sijui kwa njaa.