Chupa ya Sita

Nyawera wanasema zilikuwa kumi na mbili.
Bagira wamefikisha kreti nzima.
Na kuna mganga wa Cimpunda anayeapa
kwamba haikuwa bia hata kidogo, alitegwa,
kuna mtu anakitaka kiti chake cha redioni.

Tangu Jumamosi Bukavu haina kazi nyingine.
Zihalirwa!
Zihalirwa wa saa kumi na mbili asubuhi,
wa "Amkeni, matope hayajui cheo,"
aliyekuwa kila Ijumaa akiwachamba madereva walevi
kwa majina, kwa namba za gari,
mpaka wake zao wakazima redio kwa haya.

Gari lake liliacha njia kwenye mteremko wa Kadutu
likamkuta kijana Akonkwa na ndoo ya mayai ya kuchemsha.
Mkono umevunjika mahali pawili.
Mayai yaliendelea na safari peke yake,
yakabingirika hadi chini,
na watu wakayaokota, wakayamenya, wakala,
huku wakilaani ulevi.

Wenye pikipiki wamempania.
"Alitusema sana, sasa na asemwe."
Wauza sambaza wamegawanyika vibandani:
huku afungwe, kule nani kati yetu hajanywa,
na bei ya samaki imepanda kwa sababu
hakuna anayesikiliza mteja.
Padri alihubiri juu ya Nuhu na mvinyo wake.
Hakutaja mtu. Hakuhitaji.
Kanisa zima liligeuza shingo
kuelekea benchi la tatu, alipokaa M'Bagalwa, mkewe,
ambaye aliimba kila ubeti mpaka mwisho
akitazama mbele.

Siku ya mahakama tulijaa hadi madirishani.
Hakimu akamuuliza jina.
Sauti ile iliyokuwa ikitingisha mabati yetu
ikatoka kama maji ya bomba la mwezi wa saba.
Mtu nyuma akapaza: "Ongeza sauti, tunakupoteza!"
Tukacheka wote. Polisi walicheka.
Mimi nilicheka
mpaka nikashika ukuta.

Zilikuwa sita.
Najua kwa sababu ni mimi niliyezifungua.

Meza ya pembeni, chini ya kalenda ya mwaka juzi.
Ya kwanza hadi ya tatu alikuwa akiniigizia magavana.
Ya nne alinyamaza.
Ya tano aliniuliza kama nasikiliza kipindi chake
ama nawasha tu redio ili nyumba isiwe kimya.
Ya sita nilimletea kabla hajaiomba.

Mama yangu alipofariki sikuwa na franga za tangazo.
Alilisoma bure, mara mbili, asubuhi na jioni,
akalitamka jina lake lote,
hata lile la Kishi ambalo makarani hulikata mkia.
Nani angemwambia mtu huyo inatosha?

Funguo zilimponyoka, zikaanguka kwenye bia iliyomwagika.
Niliziokota mimi.
Nikazipangusa kwa kitenge changu, vizuri,
moja moja, mpaka zikakauka,
nikamtia mkononi, nikamfumba vidole.
Nikasema: usiku mwema, sauti yetu.

Hakuna aliyekuja kuniuliza.
Wateja wanabishana mbele yangu, nane, kumi, kumi na tano,
nami napanga chupa tupu kwenye kreti
na kusema, jamani, dunia.

Asubuhi, saa kumi na mbili, redio inapiga muziki mtupu.
Bado naiwasha.

Jana Akonkwa alipita,
mkono mmoja kwenye plasta, ndoo kwenye mwingine.
Nilichukua mayai manne, nikampa noti kubwa,
nikamwambia abaki nayo.
Akaiweka ndoo chini.
Akatafuta mfukoni kwa mkono ule mmoja,
taratibu, akihesabu kwa midomo,
akanirudishia chenji yote,
haikupungua hata franga hamsini.